Paneli ya Xfce upande wa kushoto na saa inayosoma Kiswahili: uzoefu wangu dukani Moshi

Kompyuta ninayoizungumzia ni mpakato ya mtumba yenye kumbukumbu ya GB 4 na skrini ya pikseli 1366 kwa 768, na inakaa juu ya kaunta ya steshenari ya mama yangu mdogo, jirani na stendi kuu ya mabasi ya Moshi. Hapo tunachapa barua za maombi ya kazi, tunatoa nakala za vyeti, tunachapisha tiketi za ndege za wageni wanaoletwa na waongoza watalii, na msimu wa udahili wa vyuo tunajaza fomu za mtandaoni tangu asubuhi hadi giza linapoingia. Miezi minne iliyopita niliiwekea mfumo endeshi wa Linux Mint 22 wenye eneokazi la Xfce 4.18, na katika muda huo nimegundua kwamba kilichobadilisha kazi yetu kuliko kitu kingine chochote ni paneli, yaani ule ukanda unaobeba menyu, vitufe vya programu na saa.

Linux Mint huiweka paneli chini ya skrini. Kwa skrini kama yetu, ambayo ni pana lakini fupi, hapo si mahali pake. Ukurasa wa A4 ni mrefu, na LibreOffice Writer, programu tunayoandikia barua, tayari imekwisha kula sehemu ya juu kwa menyu na safu za vitufe, wakati pembeni mwa ukurasa, kushoto na kulia, kumebaki weupe usio na kazi. Nilibofya paneli kwa kitufe cha kulia cha kipanya, nikafungua mapendeleo yake, nikaondoa alama ya kufuli inayoizuia isihamishwe, kisha nikaikokota hadi ukingo wa kushoto. Xfce inatoa hali tatu za paneli: ya mlalo, ya wima, na ya tatu iitwayo Deskbar. Nilianza na ya wima na sikuipenda, kwa kuwa inalaza maandishi ubavu, hata saa ikawa inasomwa kwa kuinamisha shingo. Deskbar inasimamisha paneli vilevile lakini inayaacha maandishi yakiwa yamenyooka, nayo ndiyo ninayompendekezea kila mwenye skrini ya aina hii. Nimeipa safu mbili zenye pikseli 34 kila moja, hivyo upana wake ni pikseli 68, na vitufe vya programu vinajipanga viwiliviwili.

Vitufe hivyo nilivihariri kimoja baada ya kingine, kwani kila kimoja kinakubali jina, maelezo na aikoni unayoitaka mwenyewe. Kielekezi kikisimama juu ya kitufe cha Writer yanatokea maneno “Barua na wasifu”, cha skana kinaitwa “Nakala za vyeti”, na kingine kinafungua moja kwa moja folda ya kazi za siku hiyo. Mama mdogo, ambaye zamani alikuwa akiniita kila alipotaka kufungua faili, sasa ananiita karatasi inapokwama kwenye printa tu.

Lakini kilichonifanya niandike haya ni saa. Kila anayefanya kazi ya kaunta katika nchi hii anaujua usumbufu wake: kompyuta inaonyesha 10:30, mdomo unasema saa nne na nusu, na kichwa kinatoa sita siku nzima. Mwezi wa kwanza, kijana anayetusaidia alinakili saa ya kwenye skrini kama ilivyo juu ya bahasha ya mzee mmoja aliyeacha picha zake za pasipoti zikatwe. Mzee aliyasoma maandishi yale kwa Kiswahili, kama ambavyo mtu yeyote angeyasoma, akaja saa kumi na nusu jioni, ilhali picha zilikuwa tayari tangu saa nne na nusu asubuhi na basi la Rombo alilokuwa amekusudia kulipanda lilikuwa limekwisha kuondoka. Jambo lile liliniuma sana, na usiku ule sikulala mpaka nilipopata dawa yake.

Dawa yenyewe imo ndani ya mipangilio ya saa ya Xfce, ambayo inakuruhusu kuipa saa ya paneli kanda ya muda iliyo tofauti na ile ya kompyuta. Tanzania iko saa 3 mbele ya UTC, yaani saa ya kimataifa ambayo kanda zote hupimwa kwayo, na hesabu yetu ya Kiswahili iko saa 6 nyuma ya saa ya Tanzania inayoonekana kwenye kompyuta, kwa hiyo tunahitaji kanda iliyo saa 3 nyuma ya UTC. Kanda hiyo inaitwa Etc/GMT+3, na alama ya kujumlisha isimtishe mtu, kwa sababu katika kundi la Etc alama huandikwa kinyume. Kisha nilichagua muundo wa kujiandikia mwenyewe na kuweka %l:%M, ambao unahesabu saa kutoka 1 hadi 12 na hautaji AM wala PM. Saa nne na nusu ilipofika, paneli ilionyesha 4:30. Mama mdogo aliitazama kwa muda, akaniambia, “Mwanangu, hii sasa ndiyo saa.”

Yapo mawili ya kuangalia. Kwanza, usiweke tarehe kwenye saa hiyo, kwani itabadilika saa kumi na mbili asubuhi badala ya saa sita usiku. Pili, kinachobadilika ni uso wa saa ile peke yake. Saa ya kompyuta yenyewe haiguswi, na tarehe za faili na za barua pepe zinabaki sahihi. Chini yake nimeongeza saa nyingine ya kawaida ya saa 24, kwa ajili ya tiketi za ndege zinazoondoka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Mteja mwenye tiketi ya 14:35 anaelezwa kwa utulivu kwamba ndege yake ni saa nane na dakika thelathini na tano mchana, na anayetaka uhakika anaonyeshwa saa zote mbili zikiwa zimepangana.

Kasoro ipo, tena si ndogo. Katika upana wa pikseli 68, majina ya madirisha yaliyofunguliwa hukatwa na kubaki herufi chache, na nilipoyaondoa majina ili zibaki aikoni, barua za wateja watatu zikawa aikoni tatu za Writer zinazofanana kabisa. Nilizuia madirisha yasikusanywe katika kitufe kimoja, lakini hilo halikutosha. Kilichotusaidia ni kuongeza kipengee cha menyu ya madirisha, ambacho kikibofywa huonyesha orodha yenye majina kamili. Ni mbofyo mmoja wa ziada, na siku yenye foleni mbofyo huo unahisiwa. Mwenye kazi ya namna yetu inayofungua nyaraka nyingi kwa pamoja alipime hili kwanza kabla ya kuhamisha paneli.

Kujificha kwa paneli tulikujaribu kwa siku moja tukakuacha, maana kaunta inataka kitu kionekane palepale kilipo. Kiashiria cha betri nacho nimekiwekea asilimia iandikwe, ili umeme ukikatika tujue kama tunamaliza fomu ya mteja au tunaihifadhi na kumwomba arudi.

Mpangilio wote huu nimeuhifadhi kwa programu ya wasifu wa paneli, inayofikiwa kwa kitufe cha kuhifadhi na kurejesha katika dirisha lilelile la mapendeleo. Inatoa faili moja dogo, nami niliibeba kwenye flashi hadi kompyuta ya pili ya duka. Kule paneli ilikaa kushoto mara moja, vitufe vikiwa na majina yake ya Kiswahili na saa ikisoma sawasawa. Kipengee kimoja tu cha hali ya hewa hakikutokea, kwa kuwa programu yake ilikuwa haijawekwa kwenye mashine ile. Kabla ya kufunga, niliilinda tena paneli kwa kufuli, kwa sababu asubuhi kipanya hushikwa na mikono mingi pale kaunta.