Kozi ya umisheni nchini Kenya: tathmini yangu kwa kijana wa Unguja au Pemba anayetaka kwenda

Nianze na hukumu, maana wengi husoma mistari ya juu tu. Kozi hii naipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Maisha ya pamoja na kazi ya uwandani yanastahili nne na zaidi, darasani tatu. Ila namna wanavyokueleza habari za fedha kabla hujafika, hapo nyota moja inatosha. Jina la kituo silitaji. Viongozi na walimu hubadilika kila msimu, na ninachokilalamikia leo huenda mwakani kikawa kimeshatengenezwa.

Mfumo wenyewe unajulikana. Umeenezwa na Youth With A Mission, jumuiya aliyoianzisha Mmarekani Loren Cunningham mwaka 1960, na kozi yake ya mwanzo, DTS (Discipleship Training School, yaani skuli ya mafunzo ya uanafunzi), imeigwa na vituo vingi ambavyo si vyake. Unakaa darasani kiasi cha wiki 12, kisha unatoka na timu kwenda uwandani wiki 8 hadi 12. Hakuna mtihani mkubwa wa mwisho. Unapimwa kwa mahudhurio, daftari la kila wiki, ripoti za vitabu na namna unavyoishi na wenzako. Katika jumuiya hiyo na nyingi zinazoifuata hakuna mwenye mshahara; kuanzia mpishi hadi mkurugenzi wote wanaishi kwa michango ya makanisa na marafiki. Lijue hilo mapema, kwani ndilo linaloeleza kwa nini barua pepe yako hukaa wiki mbili bila jibu, na kwa nini anayekufundisha asubuhi utamkuta mchana anazibua mtaro.

Makaratasi ndiyo yanayowakwamisha watu wetu kuliko imani au Kiingereza. Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanavukiana mipaka kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania hayumo katika mpango huo, kwa hivyo pasipoti ni lazima. Ada yake ni shilingi 150,000, na utahitaji cheti cha kuzaliwa, Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi na barua ya sheha. Kinachokwamisha zaidi ni jina. Wengi wetu kanisani tunajulikana kwa jina la ubatizo, na mchungaji au padri akiandika barua ya utambulisho hulitumia hilo hilo. Kituo nacho kinaandika barua ya kukupokea kwa jina lililo katika barua ya kanisa. Ukifika mpakani, pasipoti inasema jina moja na barua jengine, na afisa ana haki ya kukuweka kando. Dawa yake ni nyepesi: kabla hujaomba chochote, mwambie mchungaji aandike jina kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, na la ubatizo aliongeze pembeni akipenda.

Raia wa Afrika Mashariki hugongewa muhuri wa hadi miezi 6 bila kulipa. Hapo kuna mtego: kozi ya darasani ni masomo, si matembezi, na kituo chenye utaratibu ndicho kinachokushughulikia pasi ya mwanafunzi, yaani kibali cha Uhamiaji cha kusoma. Kituo kikikwambia "sema umekuja kutembea tu", jua kwamba na mengine yao yatakuwa hivyo hivyo. Omba pia mapema cheti cha polisi cha tabia njema. Kinahitaji alama za vidole, na vituo vingi vinavyofanya kazi na watoto hukitaka.

Chanjo ya homa ya manjano ichome angalau siku 10 kabla ya safari, kwa sababu kadi haihesabiki kabla ya siku hizo kupita. Ukishachoma umemaliza, tangu Julai 2016 kadi hiyo ni ya maisha na haina haja ya kurudiwa baada ya miaka 10. Wengine huipuuza kwa kuwa wakati wa kwenda hakuna aliyewauliza. Wakirudi ndipo wanapobanwa, kwa sababu Tanzania inaidai kwa anayeingia kutoka nchi zenye ugonjwa huo, na Kenya imo. Uganda, ambako timu nyingi hupelekwa, nayo inaidai.

Malaria ni jambo ambalo sijaona kituo chochote kikimweleza Mzanzibari sawasawa. Kwetu maambukizi yameshuka chini ya asilimia 1 kwa miaka mingi, na kijana aliyekulia Unguja katika miaka hii huenda hajaumwa hata mara moja. Mwili wake haujazoea. Wenzake wa Kisumu au Busia wanaweza kupata homa ya siku mbili na kuendelea na kazi, yeye akalazwa. Kiongozi wa timu akiona mtu kutoka pwani hudhani ni mzoefu wa mbu. Mwambie wazi kwamba si hivyo. Chukua chandarua chako chenye dawa, na homa yoyote ukiwa upande wa Ziwa Victoria ipimwe siku hiyo hiyo.

Njia haina mengi. Wa Unguja anapanda boti bandari ya Malindi, mjini Zanzibar, hadi Dar es Salaam, kisha basi kupitia Namanga. Wa Pemba, akipata boti ya Tanga, anaokoa mzunguko mkubwa: Tanga, Horohoro, Mombasa, halafu treni hadi Nairobi. Boti hiyo haiendi kila siku, basi panga siku ya kuripoti kwa kuifuata yenyewe. Na beba sweta, si moja. Vituo vingi viko nyanda za juu karibu na Nairobi, mita 1,600 na zaidi juu ya bahari, na kati ya Juni na Agosti asubuhi hushuka hadi nyuzi 10 au 12. Shuka tulizozoea huku hazisaidii kitu. Blanketi zito nunua huko huko sokoni, mitumba ni rahisi.

Sasa fedha. Ada inayotangazwa mara nyingi ni ya sehemu ya darasani tu: mafunzo, kitanda na chakula. Safari ya uwandani ina bili yake, na bili hiyo hutajwa katikati ya kozi, timu zikishapangwa, wakati ushazoeana na watu na kurudi nyumbani ni aibu. Kwangu ada iliyotangazwa ilikuwa kama nusu ya kilichotoka mfukoni. Nusu ya pili ni nauli za timu, viza ikiwa mnakwenda Ethiopia (Uganda, Rwanda na Burundi hatuhitaji), bima, vocha, vitabu, sabuni na nauli ya kurudi. Vituo vingine vina sharti kwamba ukishachangia mfuko wa timu, ukiugua au ukiondoka hela hairudi. Sharti lenyewe silipingi, kwani tiketi zimeshakatwa. Ninalopinga ni kulisoma kwenye fomu ya kurasa kumi usiku wa kufika.

Kuchangisha kwetu ni kugumu kwa sababu makanisa ni machache na waumini si wengi. Barua moja ya kuomba laki tano haileti kitu. Kinachofanya kazi ni watu 20 wa kutoa 10,000 kwa mwezi, kila mmoja na tarehe yake, na ujumbe mfupi wa shukrani kila mwezi wenye picha moja. Anayetoa kwa Vodacom anaweza kukutumia M-Pesa moja kwa moja kwenye laini ya Safaricom. Mwenye mtandao mwengine amtafute wakala au mtu mmoja nyumbani awe mkusanyaji. Mkusanyaji mmoja ni bora, tena mwenye daftari.

Siku yenyewe iko hivi. Kuamka saa 12 asubuhi, saa nzima ya utulivu na Biblia, chai, ibada na maombi, darasa kuanzia saa 3 hadi saa 6 na nusu, chakula, kisha kazi za mikono saa mbili. Jioni kuna vikundi vidogo, na mara moja kwa wiki unakaa na mlezi wako ana kwa ana. Watu hulalamikia kazi za mikono. Mimi naona ndizo zinazofundisha zaidi, khasa zamu ya jikoni, kwa sababu huwezi kujifanya mtakatifu mbele ya sufuria ya watu 40.

Ugali wa watu 40 ni pakiti nne za kilo mbili, na lita 15 hivi za maji. Kosa la mgeni ni kumwaga unga wote kwa pamoja: unashika madonge, chini panaungua na katikati kubaki kubichi. Chota unga mkono kwa mkono, koroga uji kwanza, uache utokote dakika kumi kamili, ndipo uanze kusonga, na mtu wa pili akushikie sufuria kwa matambara. Githeri ni hesabu ya sehemu mbili za mahindi kwa moja ya maharagwe. Maharagwe yasipolowekwa usiku, mtakula saa kumi jioni. Nazi usiitafute, na usimsimulie mpishi habari za nazi kila siku, atakuchoka.

Darasani kila wiki ina mada yake na mwalimu mgeni: tabia ya Mungu, maombi, msamaha, mahusiano, uinjilisti, tamaduni. Ubora hupanda na kushuka kwa kumfuata mwalimu. Wiki bora ni ya kusoma Biblia kwa hatua tatu: kuangalia, kufasiri, kutumia. Mnapewa Waraka kwa Filemoni, aya 25 tu, mnausoma kwa sauti mara kadhaa kabla ya mtu yeyote kuruhusiwa kutoa maoni, kisha mnapaka rangi: majina rangi moja, vitenzi nyengine, maneno ya sababu nyengine. Anayejua kuwa kanisa la Mkunazini limesimama palipokuwa soko la watumwa ataisoma habari ya Onesimo, mtumwa anayetajwa humo, kwa jicho jengine, na wenzake watanyamaza wamsikilize.

Wiki dhaifu ni ile inayotuhusu sisi. Juu ya ukuta kuna ramani ya watu "wasiofikiwa", yaani wasiofikiwa na Injili, na visiwa vyetu vimo. Mwalimu anaeleza dirisha la 10/40, wazo lililoenezwa na Luis Bush mwaka 1990, yaani nchi zilizo kati ya nyuzi 10 na 40 kaskazini mwa ikweta, halafu anaitia Zanzibar humo. Zanzibar iko nyuzi 6 kusini. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba Uislamu unafundishwa kwa slaidi na mtu ambaye hajawahi kuwa na jirani Mwislamu, mbele ya kijana ambaye shangazi zake ni Waislamu, ambaye tangu utotoni anajua kutokula barabarani mwezi wa Ramadhani, kutobisha hodi wakati wa magharibi, na kwamba msiba wa jirani unakwenda bila kualikwa. Hayo ndiyo yangekuwa somo. Ukiwa huko omba nusu saa uyaeleze mwenyewe. Vituo vingi hukubali, na wanafunzi huandika zaidi siku hiyo kuliko siku za slaidi.

Jambo jengine linalosahaulika: safari hii si ngeni kwetu. Cecil Majaliwa, mtoto aliyeokolewa utumwani, alisomeshwa katika skuli ya misheni ya Kiungani hapa Unguja, akapelekwa chuo cha Canterbury, Uingereza, na mwaka 1890 akapewa upadri. Kazi yake kubwa aliifanya Chitangali, upande wa mto Ruvuma. Kabla ya kutuweka ukutani, ingefaa watujue kama watumaji pia.

Uwandani timu huwa ya watu wanane hadi kumi. Kazi ni watoto, kutembelea nyumba na hospitali, skuli, na maigizo mafupi ya barabarani yenye muziki mkubwa. Maigizo hayo katika mji wa Kiislamu hayana faida. Yanakusanya watoto na kuwaudhi wazee. Kinachofika ni ushuhuda wa dakika tatu, ulivyokuwa, kilichotokea, ulivyo sasa, tena ukiwa umekaribishwa chai. Ukitafsiriwa, sema sentensi nzima kisha nyamaza. Wanaokata sentensi katikati humlazimisha mkalimani kubahatisha mwisho, na hapo ndipo mafundisho hupinda bila mtu kujua. Fedha za timu zishikwe na watu wawili: mmoja na pesa, mmoja na daftari. Ugomvi mwingi wa timu niliouona ulitoka kwenye risiti za chakula, si kwenye mafundisho.

Cheti usikitegemee kwa ajira. Masaa ya kozi huhesabiwa ndani ya mtandao wa kituo ukitaka kusoma zaidi huko, basi. Na kabla ya kutuma hata senti ya usajili, mwandikie msajili maswali haya na umwombe ajibu kwa maandishi: jumla ya gharama za uwandani kwa msimu uliopita, nani analipia hospitali nikilazwa, hela gani hairudi na kuanzia tarehe ipi, nani anaomba pasi yangu ya mwanafunzi, na timu ya mwisho ilipelekwa wapi. Akikujibu matatu na mawili akayaruka, muandikie tena kuhusu hayo mawili.