Uzoefu wangu na boti ya faiba ya mtumba Mikindani: soma kibati kabla hujatoa pesa

Boti yenyewe ni nzuri, na naanza na hilo nisije nikamwonea muuzaji. Ni faiba inayokaribia mita tano, imetengenezwa Ulaya, ikaja huku kama mtumba, na inasukumwa na mashine ya farasi 40 ya kupachika nyuma, ile ya kuongozwa kwa mkono. Naitumia ndani ya ghuba ya Mikindani, napeleka familia Msangamkuu, na bahari ikituliza naenda kuvua kwa mshipi. Haina ufa, haivuji, na tukiwa watano bado inakata maji vizuri. Kilichonisumbua ni maneno iliyouzwa nayo.

Muuzaji yuko Mtwara mjini, jina lake sitalitaja. Aliniambia boti ni ya 2018 na inabeba watu kumi.

Kuhusu umri, niliangalia tezini, yaani nyuma ya boti, upande wa kulia, kwa juu. Pale ndipo boti za Ulaya hupigwa namba ya utambulisho wa bodi. Namba hiyo huanza na herufi mbili za nchi, ikafuata alama ya kiwanda na namba ya mfululizo, kisha mwishoni herufi ya mwezi, tarakimu ya mwaka na tarakimu mbili za mwaka wa modeli. Yangu ilikuwa imepakwa rangi mpya juu yake. Nikaomba kitambaa na thina, nikasugua: inaishia F809. F ni Juni, 8 ni 2008, na 09 ni modeli ya 2009. Bei ilishuka kutoka milioni 15 hadi 11 palepale, bila maneno mengi.

Idadi ya watu ndiyo iliyotuweka. Karibu na kiti cha nyuma kuna kibati cha mtengenezaji. Kinasema daraja C, watu 5, na uzito wa juu kilo 520 kwa watu, mashine na mizigo pamoja.

"Mzee wangu, kibati kinasema watano."

"Hicho cha Wazungu, mwanangu. Wavuvi hapa wanapanda hata kumi na mbili na wanarudi salama."

Nilimheshimu kwa umri wake lakini sikukubali, na mpaka leo sikubali. Viwango vyao humhesabu mtu mmoja kwa kilo 75. Watu watano ni kilo 375. Mashine kama yangu ni kilo 70 hivi. Ongeza dumu la mafuta, nanga, maji ya kunywa na deli la samaki, nafasi imekwisha. Ukipakia kumi, umeupita uzito wa kibati kabla hujaweka hata mashine. Nchi hii ilizika watu zaidi ya 200 Septemba 2018 pale MV Nyerere, kivuko cha watu 101, kilipopinduka Ukara kikiwa kimejaza kupita kiasi. Sitaki kusikia tena kwamba idadi iliyoandikwa kwenye chombo ni pambo.

Hiyo daraja C nayo ina maana yake. Kanuni za Ulaya za boti za starehe na jetski hupanga vyombo kwa herufi nne. A ni kwa bahari kuu. B ni upepo usiozidi nguvu ya 8, kwa kipimo cha upepo cha Beaufort, na mawimbi ya hadi mita 4. C ni upepo wa hadi 6 na mawimbi ya hadi mita 2. D ni upepo wa hadi 4 na mawimbi madogo, yasiyozidi nusu mita. Ndani ya ghuba C inatosha na kubaki. Kusi ikishika kasi, nje ya Msimbati siendi nayo, hata nahodha aniambie nini.

Kitu kingine nilichodai ni kamba ya kuzimia mashine, ile unayoifunga mkononi ili ukianguka majini mashine izime. Haikuwepo, na muuzaji alishangaa naiulizia ya nini. Mashine ya kuongozwa kwa mkono ikibaki inawaka bila mtu, boti huzunguka na kumrudia aliyeanguka, propela ikiwa bado inazunguka. Marekani tangu tarehe 1 Aprili 2021 ni kosa kuendesha boti ndogo kwa kasi bila kuivaa kamba hiyo kama chombo kinayo. Aliniletea baada ya wiki kadhaa za kukumbushana. Kitabu cha maelekezo hakukileta kabisa.

Kanuni ya Ulaya inayotumika sasa, ya 2013, inambana mtengenezaji, mwagizaji na msambazaji wa kwao. Muuzaji wa Mtwara haimfikii. Huku tunayo Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inayotaka kitu kilingane na maelezo yaliyotolewa wakati wa kuuza, na Sheria ya Ushindani ya 2003, inayokataza kumpotosha mteja. Malalamiko ya hiyo yanapelekwa Tume ya Ushindani. Lakini utalalamika kwa ushahidi gani kama mliongea tu? Nilimtaka aandike kwenye hati ya mauziano: modeli ya 2009, watu 5, daraja C, namba ya bodi na namba ya mashine. Risiti ya EFD nikaichukua pia. Alinuna, akaandika. Hati hiyo, pamoja na picha ya kibati, ndiyo niliyokwenda nayo TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, kwa ajili ya ukaguzi na usajili, na ilinirahisishia kueleza chombo ni kipi.

Kwa boti natoa nyota nne kati ya tano. Moja naikata kwa sababu benchi la mbele ni fupi na watoto wanabanana. Kwa muuzaji natoa mbili. Bei yake baada ya mapatano ilikuwa ya haki na kamba aliileta, ila rangi ile juu ya namba sijaisahau. Ukienda kwake, nenda mchana, beba thina yako, na jaketi okozi nunua kwingine, maana alizonionyesha zilikuwa zimekatika mikanda.