Othello ya Folger: je, inamfaa anayemwigiza Emilia?

Emilia, mke wa Iago na mhudumu wa Desdemona, ana maonyesho 8 kati ya 15 ya Othello, mchezo wa Shakespeare, na katika mengi yake amesimama tu, anasikiliza. Kitabu cha kumwandalia mwigizaji wake basi kinatakiwa kionyeshe upesi nani anasema nini na nani yuko jukwaani. Hapa tunapima chapa ya Folger (maktaba ya Marekani ya kazi za Shakespeare), iliyohaririwa na Barbara Mowat na Paul Werstine, tukiilinganisha na chapa ya Arden iliyohaririwa na E. A. J. Honigmann, iliyotoka 1997.

Kwa mazoezini Folger inashinda. Mchezo uko ukurasa wa kulia na maelezo ya maneno magumu kushoto, kwa hiyo huna haja ya kufunua huku na huku. Arden imeweka maelezo chini ya ukurasa, na mara nyingine yanakula nusu yake. Ni kitabu cha kusoma nyumbani, tena kisomwe, maana utangulizi wake ni wa kina. Ila mkiwa kundi, tumieni chapa moja. Hesabu ya mistari ya vitabu hivi katika tendo la 3, onyesho la 3 hupishana kwa makumi, na mwongozaji akitaja namba, nusu ya waigizaji watafungua mahali pengine.

Kinachoipa Folger thamani kwa Emilia ni alama ndogo ambazo wengi huziruka: nusu-mabano (⌜ ⌝). Chukua hapo hapo tendo la 3, onyesho la 3. Desdemona anataka kumfunga mumewe, Othello, kichwa kwa leso (ya mkononi, jamani, si ile ya kujifunga kiunoni Mombasa), Othello anaikataa, inaanguka. Folger inaeleza kuwa imeanguka bila kuonekana, lakini maelezo hayo yamo ndani ya nusu-mabano, yaani ni ya wahariri. Chapa ya kale ya 1623, mkusanyo wa michezo ya Shakespeare, haina maelekezo hayo. Na Emilia yupo jukwaani! Ameiona ikianguka akanyamaza, au ameikuta chini wenzake wameshatoka? Amueni kabla ya kupanga nani asimame wapi. Katika onyesho linalofuata Desdemona anamuuliza leso imepotelea wapi, naye anajibu kwamba hajui, ingawa ameshampa Iago. Jibu ni fupi, na ndilo linalobeba nafasi nzima. Likitamkwa harakaharaka kama salamu, mayowe yake ya tendo la 5, Desdemona akishauawa, hayatakuwa na mzizi.

Jambo la pili ni maneno yenyewe. Chapa ya 1622, ya kwanza ya mchezo huu, haina wimbo wa mwerebi anaouimba Desdemona wala hotuba ya Emilia kuhusu waume wanaowakosea wake zao, mwishoni mwa tendo la 4. Vyote vimo katika ile ya 1623, na Folger imevichapa. Mwongozaji anayetaka kufupisha mchezo hukimbilia kukata hapo. Akikata wimbo, ajue kuwa Emilia anaurudia kidogo anapokufa. Mstari huo ukibaki peke yake, watazamaji hawatajua umetoka wapi.

Kasoro sasa. Nakala ndogo ya bei nafuu imeunganishwa kwa gundi, na ukiilaza wazi kila siku mgongo unapasuka na kurasa zinachomoka. Pembeni hakuna nafasi ya kuandika wapi pa kusimama, na karatasi ni nyembamba, kalamu ya wino hupenya upande wa pili. Dawa yake ni kupakua maandishi ya Folger bure mtandaoni, kuyachapa upande mmoja tu, kutoboa na kuweka kwenye faili. Upande mweupe unaotazamana na maneno chora jukwaa. Kwa penseli, maana mipango hubadilika. Pigia mstari maneno matano ya mwisho ya mwenzako kabla ya kila jibu lako, kisha kariri hayo pamoja na jibu. Anayekariri majibu yake pekee hukwama tendo la 5, onyesho la 2, ambako Othello anamtaja Iago na Emilia anauliza "mume wangu?" mara tatu. Maneno ni yale yale, kinachotangulia ndicho tofauti: la kwanza ni mshangao, la tatu ameshajua kuwa mumewe ndiye aliyedanganya, na Othello mwenyewe anachoka kumsikia akirudia.

Kuna swali moja ambalo kitabu hakikujibu. Emilia akifa anaomba alazwe kando ya bibi yake, Desdemona, na mchezo hausemi nani anamtimizia. Kwa kuwa baadaye Lodovico, mjumbe wa Venisi, anazungumzia mzigo wa msiba uliojaa kitandani, wengi humlaza hapo, kisha Othello naye huanguka juu ya kitanda hicho. Mwulizeni fundi wa jukwaa mapema: kitanda kitabeba watu watatu au hakibebi?