Tahadhari: Shokapu za sumaku "zilizofufuliwa" zenye mafuta ya kawaida ndani

Ndugu wenye magari ya michezo, hasa yale yenye shokapu zinazobadilisha ugumu wake kwa umeme, naomba msome tahadhari hii kabla ya kumlipa mtu yeyote anayeuza shokapu za aina hiyo kwa bei ya kushangaza. Kuna muuzaji wa mtandaoni anayetangaza seti za shokapu nne za sumaku, "zilizofufuliwa na kupimwa", kwa takriban theluthi moja ya bei ya mpya, pamoja na dhamana ya miezi 12. Nilinunua seti moja. Hakuna hata moja kati ya hizo nne iliyokuwa na kiowevu cha sumaku ndani yake, na waya za kila shokapu zilikuwa zimekatwa na kuungwa rezista (kipande kidogo kinachozuia umeme) iliyofichwa chini ya tepu nyeusi ili kompyuta ya gari isiwashe taa ya onyo. Jina la akaunti yake halitawasaidia, kwa sababu limebadilika mara mbili tangu nimlipe. Ujanja wenyewe haujabadilika, na ndio nitakaoueleza.

Chambo ni gharama. Shokapu moja ya sumaku huuzwa kwa bei ambayo ni mara kadhaa ya ile ya kawaida, na fundi makini hakubali kubadilisha moja peke yake, kwa kuwa ile mpya na ile iliyochoka zikikaa kwenye ekseli moja gari hujibu kwa namna moja kulia na kwa namna nyingine kushoto. Kwa hiyo unanunua mbili, na mara nyingi nne. Juu ya hapo kuna mipira ya juu inayoshika shokapu, mipira ya kuzuia vumbi, kazi ya ufundi, alaimenti, na kwa baadhi ya magari kuna pia kazi ya kuzitambulisha shokapu mpya kwa kompyuta. Mtu akishapiga hesabu hiyo, tangazo la theluthi ya bei humwingia moyoni haraka kuliko inavyopaswa. Mimi lilinichukua siku mbili tu.

Soko la shokapu zilizofufuliwa lipo kwa sababu ya kweli, na hilo ndilo linalompa tapeli nafasi. Mfumo wa sumaku uliotengenezwa na kampuni ya vipuri ya Delphi kwa jina la MagneRide ulianza kuuzwa kwenye Cadillac Seville STS ya mwaka 2002, ukafuata kwenye Chevrolet Corvette ya 2003, na kufikia 2006 ulikuwa umeingia kwenye Audi TT na Ferrari 599. Mwaka 2009 kazi hiyo ya Delphi ilinunuliwa na kampuni ya BWI. Magari ya mwanzo sasa yamepita miaka 20, mipira na sili zake zimezeeka hata kama gari lilikaa bandani, na mwenye gari la namna hiyo hulazimika kutafuta spea popote zinapopatikana.

Ili ujanja ueleweke, ni lazima kwanza kujua kilichomo ndani. Shokapu ya kawaida hupunguza kunesa kwa gari kwa kuyalazimisha mafuta yapite kwenye matundu na vali ndogo za pistoni. Katika mifumo mingi ya kisasa inayojirekebisha, vali ya umeme ndiyo inayopanua au kubana njia hiyo. Shokapu ya sumaku haina vali ya namna hiyo: ndani yake kuna mafuta ya sintetiki yaliyochanganywa na chembechembe za chuma zenye ukubwa wa mikroni chache, na ndani ya pistoni kuna koili ya waya. Umeme ukipita kwenye koili, chembechembe hujipanga kama minyororo na kiowevu hugeuka kizito papo hapo. Umeme ukikatika, hulegea tena. Mtengenezaji husema kwamba mabadiliko hayo yanaweza kufanyika hadi mara 1,000 kwa sekunde. Kilichonunuliwa kwa fedha nyingi, kwa hiyo, ni kile kiowevu na ile koili. Ukiondoa kiowevu ukaweka mafuta ya haidroliki, umebaki na bomba la chuma lenye pistoni isiyo na maana, hata kama koili ni nzima.

Chembechembe hizohizo ndizo zinazozichosha shokapu hizi. Chuma kilichosagwa, hata kiwe laini namna gani, husugua sili na fimbo ya kromiamu kila gari linapopita kwenye tuta. Mpira wa kuzuia vumbi ukichanika, mchanga huingia na kazi ya uharibifu huharakishwa. Wanaoshusha gari kwa springi fupi huzifanya shokapu zifanye kazi karibu na mwisho wa mwendo wake, na hapo maisha yake hupungua sana. Kwa shokapu za kawaida, ushauri unaosikika mara nyingi ni kuzikagua kwa makini zikifika takriban kilomita 80,000. Kwa hizi za sumaku, nimeona zilizovuka hapo bila tatizo na nimeona zilizoanza kuvuja mapema zaidi. Anayekuhakikishia idadi kamili ya kilomita zilizobaki kwenye shokapu iliyotumika anakisia.

Sasa nirudi kwa zangu. Zilifika zimefungwa vizuri kwenye maboksi meupe, zimepakwa rangi nyeusi inayong'aa na kubandikwa stika mpya. Fundi alizifunga, tukawasha gari, na taa ya onyo iliyokuwa imewaka kwa miezi mitatu ikazimika. Nilifurahi kupita kiasi. Kwa siku za mwanzo gari lilihisi gumu na tulivu, jambo ambalo sasa ninalielewa: silinda iliyojazwa mafuta mapya hadi juu huonekana imara kuliko ile iliyovuja, na mtu aliyezoea shokapu zilizokufa huona nafuu katika kitu chochote. Jambo moja tu lilinikera, nalo nilijidanganya kwamba ni mazoea: nilipobadilisha kutoka hali ya kawaida kwenda hali ya michezo, sikuhisi tofauti yoyote. Katika gari lenye shokapu za sumaku zinazofanya kazi, tofauti hiyo huisikia hata abiria wa nyuma.

Wiki ya tano sehemu ya nyuma ilianza kunesanesa baada ya kila tuta, na tairi mbili za nyuma zikaanza kulika kwa mabonde mabonde. Kisha taa ikawaka tena, kwa upande mmoja. Fundi alipofungua tepu iliyozunguka waya wa shokapu hiyo alikuta rezista imeungua. Hesabu yake ni rahisi: nguvu inayogeuka kuwa joto ni mkondo uliozidishwa kwa mkondo, kisha kwa ukinzani. Mkondo wa ampea 2 ukipita kwenye ukinzani wa ohm 2 hutoa wati 8 za joto, na rezista ndogo ya bei nafuu haivumilii joto hilo kwa muda mrefu. Ile iliyoungua ndiyo iliyotufanya tufungue nyingine tatu, tukakuta hali ni ileile.

Ni haki kueleza kwamba rezista za namna hii si uhalifu zenyewe. Wapo wenye magari wanaoamua kwa hiari kuweka shokapu za kawaida na kuinyamazisha taa ya onyo kwa vifaa vinavyouzwa waziwazi kwa kazi hiyo. Uamuzi huo ni wao. Wizi ni pale mtu anapoificha rezista ndani ya tepu na kukuuzia kama shokapu nzima. Kwa sababu hiyohiyo, anayenunua gari la michezo lililotumika asiridhike na dashibodi isiyo na taa ya onyo. Hata skana, kifaa cha kusoma hitilafu kwenye kompyuta ya gari, haitoshi, kwa kuwa kompyuta hupima mkondo unaopita kwenye waya, na rezista hupitisha mkondo kama koili inavyopitisha. Haina macho ya kuona kama shokapu imekuwa ngumu.

Kipimo kilichomaliza ubishi wetu kilikuwa sumaku ndogo ya jikoni, ile inayoshika karatasi kwenye friji. Kiowevu cha kweli ni kizito, cheusi au cha kijivu iliyokolea, na tone lake likiwekwa juu ya karatasi huvutwa na sumaku inayopitishwa chini yake hadi linasimama kama miiba midogo. Mafuta yaliyovuja kutoka kwenye shokapu zangu yalikuwa ya rangi ya asali na hayakutikisika. Iwapo shokapu haivuji, iombe ipimwe juu ya meza: fimbo ikisukumwa bila umeme iwe laini, na ikipewa mkondo unaodhibitiwa igome mara moja. Mkondo huo utoke kwenye kifaa kinachoupima, si kwenye betri moja kwa moja, maana koili ina ukinzani wa ohm chache tu na inaweza kuungua.

Kagua pia silinda yenyewe. Shokapu hizi zina gesi ya naitrojeni yenye shinikizo kubwa nyuma ya pistoni inayoelea, na kuzifungua bila vifaa vyake ni hatari, kwa hiyo matapeli hutoboa tundu dogo, hutoa kilichomo, hujaza mafuta, kisha huliziba kwa kuchomelea na kulifunika kwa rangi. Nilipokwangua rangi kwa msasa, zote nne zilikuwa na kovu hilo karibu na sehemu ya chini. Namba ya kipuri na tarehe ya kutengenezwa zilikuwa zimesagwa. Muuzaji alikuwa ameniambia kwamba zimefutika kwa ajili ya usafishaji, nami nikakubali. Nakiri ni aibu.

Wafufuaji wa kweli wapo, na tofauti yao huonekana kabla ya malipo. Hao hukupa grafu ya kila shokapu inayoonyesha nguvu dhidi ya kasi ya fimbo, bila umeme na kwa mikondo tofauti, na grafu hiyo huwa na namba ileile iliyo kwenye silinda. Wengi wao huomba uwapelekee shokapu zako wenyewe wazifanyie kazi. Huyu wangu nilipomwomba grafu alinitumia picha moja isiyo na namba yoyote, akasema hutumika kwa seti zote. Pia alisisitiza malipo yapite nje ya utaratibu wa ulinzi wa mnunuzi, kwa madai kwamba makato ni makubwa.

Nilipomwandikia kuhusu dhamana, alijibu kwanza kwamba fundi wangu alikosea kufunga. Nilipomtumia picha za rezista, alisema dhamana hufutika tepu ikifunguliwa. Mwishoni alikubali kurudisha nusu ya fedha kwa sharti kwamba nimrudishie shokapu zote nne kwanza, kwa gharama yangu. Ukijumlisha kazi ya ufundi mara mbili, alaimenti mbili na tairi mbili, nimetumia zaidi ya bei ya shokapu mpya za nyuma, na bado sina shokapu.

Sikumrudishia. Kabla ya kuzikata, fundi alihakikisha kwamba hazina gesi yoyote iliyobaki, kisha tukakata fimbo za zote nne kwa grinda, kwa sababu tangazo lake bado lipo hewani likiwa na picha zilezile za maboksi meupe, na nilikuwa na hakika kwamba zingepakwa rangi upya na kuuzwa kwa mwingine kabla ya mwezi kuisha.