Nilimpeleka mjomba kula sushi, akatoka na vichwa vya sangara

Mjomba wangu alikata minofu kiwandani kwa miaka mingi kabla mgongo haujamkatalia. Sangara akiwekwa mbele yake anakwambia kama ni wa jana au wa juzi hata hajamgusa. Kwa hiyo nilipoamua kujaribu mgahawa wa Kijapani uliopo kando ya ziwa hapa Mwanza, ule wa kulipa mara moja na kula mpaka uombe poo, sikuona mtu mwingine wa kwenda naye. Nikasema leo nina mkaguzi wangu mwenyewe.

Bei ni shilingi 50,000 kwa kichwa, vinywaji mbali. Unapewa saa moja na nusu tangu unapokaa. Msitegemee meza ndefu ya kujipakulia kama harusini. Unapewa karatasi, unaweka alama kwenye unachotaka, kinaletwa, ukimaliza unaagiza tena. Na chini kabisa ya ile karatasi, kwa herufi za sisimizi, wameandika kwamba kila kipande cha sushi kitakachobaki kinatozwa shilingi 2,000. Lisomeni hilo kabla ya yote. Sisi hatukulisoma.

Sushi, vile vitonge vya wali vyenye samaki juu, ilikuja kwanza, sahani mbili zimejaa. Mjomba akaminya kipande kimoja kwa kidole. "Mjomba," akaniambia (naye huniita hivyo hivyo), "huu wali mbona bokoboko?"

Nikamweleza kwamba ndivyo unavyotakiwa. Mchele wao ni mfupi na unanata, unatiwa siki, sukari na chumvi kidogo. Ukitumia wali wetu wa kuchambuka, kipande kitamwagika kabla hakijafika mdomoni. Ila hata kwa sheria zao wenyewe walikosea: wali wa sushi unaliwa ukiwa na uvuguvugu, karibu na joto la mwili, na wetu ulikuwa baridi na mgumu kwa ndani, kama kiporo kilichotolewa friji saa hiyo hiyo. Vipande vitatu tu na tumbo limeanza kunikaba. Ndiyo biashara yenyewe ya kula mpaka ushibe: wali ni rahisi, samaki ni ghali, ukivamia wali umewasaidia wao.

Juu ya wali kulikuwa na samoni mbichi, na hapo mkaguzi akagoma kabisa. Akauliza ametoka wapi. Norway, akajibiwa. Akageuka akatazama dirishani, ziwa lote lile, kisha akanitazama mimi. "Sisi tumekata minofu ipelekwe Ulaya, leo Ulaya ndiyo inatuletea samaki Mwanza?"

Mpishi, kijana wa Kitanzania mwenye heshima zake, alitoka jikoni akamwamkia shikamoo na kumjibu vizuri. Samaki wa maji baridi, kama hawa wa ziwani, haliwi mbichi hivi hivi, wana minyoo. Na hata samoni, Wajapani wenyewe hawakuwa na mazoea ya kumla mbichi mpaka Wanorway walipokwenda kuwashawishi, miaka ya 1980. Mjomba akakubali hoja. Akabonyeza ile nyama, maji yakachuruzika. "Huyu aligandishwa vizuri, ila mmemyeyusha kwa haraka." Kijana akacheka tu, hakubisha. Mimi nilikula, lakini kweli, utamu ulikuwa umeondoka na yale maji.

Sasa tempura ya sangara. Hapa ndipo hela yangu ilirudi. Minofu imekatwa vidole viwili, imechovywa kwenye uji mwepesi wa unga na maji ya barafu, uliokorogwa kidogo tu hadi mabonge yakabaki, ikatumbukizwa kwenye mafuta ya moto sana. Ganda la unga linavunjika kama karatasi, ndani nyama nyeupe inatoa mvuke, haina shombo, haikunywa mafuta. Inasemekana ufundi huu Wajapani waliupata kwa Wareno karne ya 16, Wareno wale wale waliotuachia sisi neno meza. Mjomba alivitupa vijiti, akala kwa mkono, akaagiza sahani ya pili, ya tatu, ya nne. Yule sangara alinunuliwa soko la samaki la Mwaloni alfajiri, na mkaguzi alithibitisha bila kuulizwa. Sato wa kuchoma aliyepakwa miso, rojo ya soya iliyochachushwa, naye alikuwa safi, chumvi kidogo imezidi. Supu ya miso ya kawaida. Wasabi, ile rojo ya kijani inayowasha, ionjeni kwa ncha ya kijiti.

Katikati ya sahani ya tatu mjomba akauliza kama Wajapani hawana maziwa. Nikamwambia wanalo, linaitwa Biwa. Samaki wa huko wanatiwa chumvi kwa miezi, kisha wanapangwa na wali kwenye mapipa na kuachwa wachachuke, mara nyingi mwaka mzima au zaidi, na hiyo ndiyo sushi ya zamani kuliko hii ya leo. Akatafuna kwanza. "Kwa hiyo ni kama udaga," akasema, yaani ule muhogo wetu wa kuchachusha. Tangu hapo aliacha kuwaona Wajapani kama watu wa ajabu.

Muda ulipoisha sahani ya pili ya sushi ilikuwa bado na vipande vitano. Nikaomba wanifungie, wakakataa. Nikameza vitatu kwa soda, jasho linanitoka. Viwili vikanishinda, shilingi 4,000 ikaingia kwenye bili. Nilimwambia meneja waiandike sheria hiyo juu, kwa herufi kubwa, au mhudumu aitamke mtu anapokaa. Alipokea kwa upole. Sijui kama atafanya. Nendeni na hela kwenye simu, mashine ya kadi siku hiyo haikushika mtandao.

Nikirudi nitaanza na tempura, nitamalizia na tempura, sushi nitachukua sahani moja ya kuonja.

Nikiwa nalipa, nikagundua mjomba hayupo mezani. Alikuwa mlango wa jikoni, anawauliza mapanki, ile mifupa inayobaki minofu ikishakatwa, na vichwa wanapeleka wapi. Wakamwambia vinatupwa. Tulipanda bajaji kurudi Igoma na vichwa vitatu vya sangara miguuni, vimefungwa kwenye gazeti, na dereva akituuliza hiyo hoteli ya kifahari inauza samaki kwa kilo shilingi ngapi.