Deki ya CD ya bei ya kati: ipi ununue ukiwa Uganda

Nikiingia duka la deki za mtumba mjini Kampala, huwa nimebeba CD mbili kwenye mfuko wa koti. Moja ni ya kiwandani. Ya pili nimeichoma mwenyewe kwenye kompyuta, na upande wake wa chini una rangi ya kijani kwa mbali. Muuzaji akishawasha mashine naanza na hii ya kuchoma. CD ya kuchoma hurudisha mwanga hafifu kuliko ya kiwandani, kwa hiyo lenzi iliyochoka itaisoma ya kiwandani vizuri kabisa, ila hii itaizungusha weee, mwisho iandike kwamba hakuna CD ndani. Ikifanya hivyo namshukuru muuzaji na kuondoka.

Watu wakitaka kununua deki huniuliza kuhusu chipu, ile inayogeuza namba za CD kuwa sauti: ni ya kampuni gani, ina biti ngapi. Mimi huwauliza umeme wa kwao ukoje. CD iliingia sokoni mwaka 1982 kwa kazi ya Sony na Philips, na mpaka leo kilichomo ndani yake ni kilekile: biti 16, sampuli 44,100 kwa kila sekunde. Deki nzima za bei ya kati zimekaribiana sana kwa sauti. Mwenye laki tano za ziada azipeleke kwenye spika, huko atasikia tofauti hata akiwa jikoni. Kinachoua deki hapa kwetu ni umeme, vumbi na lenzi kukosa mbadala, na orodha yangu nimeipanga kwa kuangalia hayo matatu.

Ninaposema bei ya kati nina maana ya kuanzia kama laki sita za mtumba mzuri hadi milioni mbili na nusu hivi za mashine mpya. Bei za ng'ambo zisikudanganye. Deki ya dola 400 ni kama milioni moja na nusu kabla haijasafiri, na ikifika kuna ushuru, kisha VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya jumla yote.

Umeme kwanza. Uganda tunatumia volti 240. Japani ni volti 100, Marekani 120. Deki nyingi safi za mtumba hutoka Japani, na zinapendeza kweli: hazina mkwaruzo, rimoti bado imo kwenye nailoni yake. Niliwahi kununua moja. Muuzaji alinihakikishia, "Mzee, plagi tumeshabadilisha." Na kweli plagi ilikuwa ya miguu mitatu, mpya, imefungwa vizuri. Sikugeuza mashine kusoma nyuma. Nilipofika nyumbani nikachomeka, taa ya kioo ikawaka kwa nguvu kama sekunde mbili, kisha harufu ya vanishi iliyoungua ikajaa sebule. Kumbe walibadilisha plagi tu. Transfoma ya ndani ilikuwa bado ya volti 100.

Kwa hiyo geuza mashine usome kibati cha nyuma. Kikiandika 220-240V, chukua. Kikiandika 100V au 120V, ongeza bei ya transfoma ya kushusha umeme na uamue tena. Baadhi ya mashine za zamani zina swichi ya kuchagua volti hapo nyuma, na hizo ni bahati. Habari njema ni kwamba tofauti ya mdundo wa umeme, hezi 50 au 60, haibadilishi kasi ya muziki, maana deki ya CD huongozwa na saa yake ya ndani, tofauti na zile mashine za santuri zenye mota inayofuata mdundo wa umeme wa ukutani. Anayeletewa mzigo kutoka Dubai au Nairobi hana wasiwasi huu mkubwa, huko volti na plagi zinafanana na zetu.

Haya, orodha.

Ya kwanza kwangu ni Yamaha CD-S303. Wapo watakaosema haina mbwembwe, na ni kweli. Ila ina tundu la USB mbele, na hapa Uganda tundu hilo si pambo. Nyimbo nyingi tulizonazo tumejaziwa kwenye flashi na zile library za mtaani (maduka ya kunakili nyimbo), na CD nyingi majumbani ni za kuchoma zenye MP3 mia na kitu. Yamaha hii inacheza vyote hivyo, na FLAC pia, yale mafaili ya muziki yasiyopunguzwa ubora. Nyuma ina matundu ya digitali ya aina mbili, la waya wa kawaida na la mwanga, kwa hiyo siku ukinunua kigeuzi cha nje (DAC), kisanduku cha kugeuza digitali kuwa sauti, hutalazimika kubadilisha deki. Inakula umeme kidogo sana, mwenye sola ataifurahia. Ila inveta ziwe za wimbi safi, kwa sababu zile za bei rahisi hufanya transfoma ivume kama nyuki.

Ya pili ni mtumba, na najua wengine watashangaa kuiona juu ya mashine mpya. Sizungumzii mtumba wowote. Nazungumzia deki ya miaka ya 1990 au 2000 inayotumia lenzi ambayo bado inapatikana. Sony walitengeneza lenzi iitwayo KSS-213, ikaingia kwenye mashine chungu nzima, na mpaka leo zipo za kununua kwa bei ndogo. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji afungue kifuniko. Akikataa, una jibu lako. Akikubali, soma namba ya lenzi, kisha mpigie fundi wako umuulize kama anaipata. Deki nzuri ajabu yenye lenzi isiyopatikana ni sanduku la bati.

Hapo kwa fundi kuna ujanja mmoja wa kuujua. Pembeni ya lenzi nyingi kuna skrubu ndogo sana, ukiizungusha unaongeza nguvu ya mwanga. Deki iliyokuwa inakwama inaanza kucheza papo hapo. Fundi mmoja mwaminifu ninayemtegemea alinionyesha ya kwangu chini ya taa, skrubu ikiwa na mikwaruzo mipya inayong'aa. "Unaona, mzee? Huyu aliyekuuzia aliikaza juzi. Itaimba mwezi mmoja, miwili, halafu inazimika moja kwa moja." Ilizimika wiki ya tano. Siku hizi ninaitafuta mikwaruzo hiyo kabla ya kusikiliza hata wimbo mmoja.

Jaribio jingine la dukani: cheza wimbo wa mwisho wa CD ndefu. CD husomwa kuanzia katikati kwenda ukingoni, na inapoanza huzunguka karibu mara 500 kwa dakika, ikifika ukingoni zimebaki kama 200. Muuzaji siku zote hukuchezea wimbo wa kwanza. Mota iliyolegea au reli yenye grisi iliyokauka hujitokeza mwishoni.

(Kuongea Kiswahili katika maduka ya Kampala kuna faida na hasara zake. Nusu ya wauzaji hukuita afande, wakidhani wewe ni mwanajeshi, na kuogopa kukudanganya. Nusu nyingine huamini umetoka Kongo na dola mfukoni, bei inapaa.)

Ya tatu ni Denon DCD-600NE. Kwa kusikiliza CD peke yake ningeweza kuiweka ya kwanza, maana sauti yake ina uzito fulani unaokaa vizuri na gitaa la besi la rumba. Haina USB. Kwa mtu ambaye ana rafu ya CD za kiwandani na hajui flashi ni nini, hilo si kosa. Kwa nyumba yenye vijana ni kosa kubwa.

Marantz CD6007 ndiyo yenye sauti niipendayo kuliko zote hapa, ina USB, na ina tundu la hedifoni lenye kitufe chake cha sauti, jambo zuri watoto wakilala. Nimeiweka ya nne kwa sababu ya bei tu. Ikifika hapa inagonga dari ya bajeti au kuipita, na kwa pesa hiyo mimi ningechukua Yamaha na stabilaiza nzuri, chenji nikaiweka kwenye spika. NAD C 538 na Cambridge Audio AXC25 ni mashine safi zote mbili, lakini hazina USB, na hiyo Cambridge haina hata tundu la digitali. Ukizikuta kwa bei ya kutupa, chukua.

Je, deki ya DVD? Karibu kila nyumba inayo moja iliyobaki tangu enzi za filamu za VJ, zile zenye mtu wa kuzitafsiri kwa sauti. Ikiwa na tundu la digitali nyuma, kigeuzi kidogo cha nje kinaweza kuifanya deki ya CD ya heshima kwa pesa kidogo. Usumbufu wake ni kwamba nyingi zinataka televisheni ndipo uone uko wimbo wa ngapi. Zile redio za mezani zenye CD, bluetooth na taa za disko, ziache.

Ukishanunua, chomeka waya kwenye tundu la CD au AUX la amplifaya, kamwe si PHONO, hilo ni la santuri na sauti itapasuka. Stabilaiza uchague yenye kuchelewesha, ile inayosubiri dakika chache umeme ukirudi kabla ya kuupitisha. CD zenyewe zishike kwa ukingo, na uhofie mikwaruzo ya upande wenye maandishi zaidi ya ule wa kung'aa: muziki umelala hapohapo chini ya maandishi hayo, wakati upande wa pili una zaidi ya milimita moja ya plastiki ya kuulinda.

Na usiku zima mashine kabisa ukutani. Nilifungua ya jirani iliyokuwa imekataa kutoa trei, nikakuta mjusi amejikunja juu ya transfoma, mahali penye joto, na mkia wake umenaswa kwenye mkanda wa trei. Mkanda mpya ulikuwa bei ya soda.