Maabara mpya ya lugha: hedifoni nzuri, masomo haba

Maabara ya lugha ambayo chuo kikuu kimoja cha hapa Mombasa kimeifungua tena baada ya ukarabati inafaa kupimwa kwa swali moja kabla ya mengine yote: je, mwanafunzi aingiapo humo huzungumza na kujisikiliza zaidi kuliko akiwa darasani? Kwa upande wa vifaa, jibu ni ndiyo. Kwa upande wa masomo yaliyowekwa ndani ya vifaa hivyo, bado.

Kilichofanywa vizuri zaidi ni uchaguzi wa hedifoni. Fedha za maabara za namna hii mara nyingi huishia kwenye skrini pana na projekta, vitu vinavyowapendeza wageni siku ya ufunguzi, kisha hununuliwa hedifoni hafifu zinazopoteza masafa ya juu, yaani sauti zenye mitetemo mingi kwa sekunde, na masafa hayo ndiyo yanayomwezesha msikilizaji kutofautisha s, f na th. Simu za zamani zilikuwa na kasoro hiyo hiyo, kwa kuwa zilikata sauti iliyozidi hezi 3,400, na ndiyo maana mtu hulazimika kutaja jina lake herufi kwa herufi. Hapa wamenunua hedifoni zinazofunika sikio zima, zenye maikrofoni inayosogezwa hadi karibu na mdomo, na tofauti inasikika tangu zoezi la kwanza.

Katika kompyuta zimewekwa Audacity na Praat, programu mbili zisizolipiwa, tena zinazofanya kazi bila intaneti. Ya kwanza hutumika kunasa sauti na kuikatakata. Ya pili, iliyotungwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, humwonyesha mwanafunzi umbo la sauti yake kwenye skrini, na kwa maoni yangu hiyo peke yake yatosha kuhalalisha chumba kizima. Mzaliwa wa Mvita akitamka paa la nyumba, kisha paa wa mwituni ambaye p yake huandamana na pumzi, ile pumzi huonekana wazi kama kipande cha mchakacho kati ya kupasuka kwa p na kuanza kwa irabu, na urefu wake unaweza kupimwa kwa milisekunde. Anayejifunza Kijerumani, lugha ambayo p yake pia hutoka na pumzi mwanzoni mwa silabi yenye mkazo, huweza kulinganisha picha yake na ya mwalimu pasipo kuambiwa tu kwamba amekosea.

Chumba chenyewe kina mashaka yake. Dirisha likifunguliwa, honi za tuktuk huingia kwenye kila rekodi. Likifungwa, kiyoyozi huvuma, na kikizimwa, jasho na unyevu wa pwani havivumiliki. Vizuizi vilivyotandazwa zulia baina ya viti vinasaidia kiasi. Stima ikikatika, betri za akiba hudumu muda wa kutosha kuhifadhi faili.

Kwenye masomo ndipo nilipovunjika moyo. Vitabu vya Kijerumani vilivyo kabatini vina sidii, ilhali kompyuta mpya hazina pa kuzitia, na hakuna aliyefikiria kununua hata kisomeo kimoja cha nje. Mazungumzo ya Kifaransa yamepangwa ipasavyo kwa ngazi za A1 hadi B2 za mfumo wa kupima umahiri wa lugha ambao Baraza la Ulaya liliuchapisha mwaka 2001, lakini karibu yote ni ya watu wanaokata tiketi za treni mjini Paris, ingawa wengi wa wanafunzi hawa wanatazamia kuwapokea wageni katika hoteli za Nyali na Diani. Kwa Kiarabu, wote huanzishwa kwenye matamshi ya herufi, pamoja na waliopitia madrasa ambao ha na ain zao hazina kasoro. Wanachokosa hao ni mazungumzo ya kila siku, nayo hayamo. Kiswahili kwa wageni kina mkusanyiko mdogo uliosomwa polepole mno studioni, na hili ni jambo la ajabu katika mji ambao wasemaji wako hatua chache nje ya lango. Idara ingeweza kunasa sauti za wazee, wachuuzi na mabaharia kwa ridhaa yao, na kwa wakati huu ikapakua rekodi za Kiswahili za Common Voice, mradi wa Mozilla wa kukusanya sauti za watu wanaojitolea, ambazo hutolewa bure.

Msimamizi ni mstahimilivu na anavijua vifaa vyake, ila mlango hufungwa saa kumi, wakati ambapo wanafunzi wa jioni ndio kwanza wanawasili. Mpaka hayo yarekebishwe, ningemshauri mwanafunzi wa Kifaransa au Kijerumani aende asubuhi, achukue sauti zake mwenyewe kwenye flashi, na azifanyie kazi katika Praat. Wa Kiarabu aliyekwishavuka herufi asijisumbue.